Migomba kwenye nchi ya baridi: uliza kwanza ni sehemu gani ya mmea inatakiwa ivuke winta

Watu wengi wakisikia bustani ya kitropiki kwenye nchi ya baridi wanawaza vitu viwili, ama kuna mtu mwenye hela zake kajenga nyumba ya vioo na kuweka hita, ama ni mapambo ya miezi mitatu ambayo Desemba ikifika yote yamekufa yanatupwa. Zote mbili zipo kweli. Ila kuna njia ya tatu na ndo hiyo nataka kuielezea hapa, maana ukishashika mantiki yake unaona kumbe mgomba wa mita tatu unaweza kukaa nje mwaka mzima mahali ambapo maji ya kwenye ndoo yanaganda, na mwenye nao wala hana hita.

Tuanze na hili neno tropiki lenyewe maana linachanganya. Bustani za namna hii ni za kitropiki kwa sura, yaani majani mapana, majani marefu kama panga, kijani kilichojaa mpaka udongo hauonekani, maua mekundu na ya machungwa yanayowaka. Asili ya mimea yenyewe mara nyingi ni kwingine kabisa, ni milima ya China, Japani, Himalaya, nyanda za juu za Mexico, New Zealand, sehemu ambazo baridi inajulikana na barafu inajulikana. Kule Plockton, kijiji cha pwani kwenye milima ya Scotland, kuna miti ufukweni ambayo kila mgeni anaipiga picha akisema ni michikichi au minazi, lakini ile ni Cordyline australis ya New Zealand, wala haimo kwenye ukoo wa minazi, na inaishi pale kwa sababu mkondo wa bahari wenye joto wa Atlantiki unaipunguza baridi ya pwani ile. Jicho linadanganyika na umbo la jani, na bustani nzima imejengwa juu ya hilo.

Mfano mzuri zaidi ni mgomba wenyewe. Unaopandwa nje kwenye nchi za baridi ni Musa basjoo, watu wanauita mgomba wa Kijapani ingawa asili yake ni China. Mshairi Matsuo Bashō wa karne ya 17 alijichukulia jina lake kutoka kwenye mgomba uliokuwa umepandwa kwenye kibanda chake kule Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo, na bashō ni mgomba tu kwa Kijapani. Edo kulikuwa na theluji. Kwa hiyo habari ya mgomba kukaa kwenye baridi wala si mpya, ina miaka zaidi ya 300. Ndizi zake haziliwi na mtu, zimejaa mbegu nyeusi na nyama kidogo sana, lakini jani ni jani la mgomba kweli kweli, mita mbili na zaidi, linachanika kwa upepo vilevile na linang'aa likipitiwa na jua kwa nyuma vilevile.

Sasa tuje kwenye baridi. Tunalitumia hili neno kama kitu kimoja na hapo ndo mimea inapofia.

Mimea ya tropiki halisi, mnazi, mgomba wa kula, mkakao, inaumia hata kabla maji hayajaganda. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi na likakaa hapo, ngozi laini zinazozunguka seli zinaanza kukakamaa na mmea unashindwa kufanya kazi zake za kawaida, majani yanaweka madoa meusi, mizizi inaacha kunywa, na mmea unakufa taratibu bila kuona barafu hata siku moja. Hii huwezi kuiponya kwa kufunika na blanketi. Mnazi nje kwenye nchi ya baridi hautaishi, tuachane nao.

Mimea mingine yenyewe haijali ubaridi wa kawaida, inachoogopa ni kuganda. Na kuganda kwenyewe kuna utaratibu wake, barafu kwa kawaida inaanza nje ya seli, kwenye nafasi zilizopo katikati, na barafu ile inavuta maji kutoka ndani ya seli, kwa hiyo seli inakauka ikiwa katikati ya maji. Mmea uliozoea baridi polepole unakuwa umejaza sukari ndani ya seli zake na unavumilia huo ukavu. Mmea uliolelewa ndani kwenye joto ukatolewa nje ghafla hauna hiyo akiba, unaganda na ukiyeyuka jani linakuwa kama mboga iliyochemshwa, jeusi, laini, limelala.

Kuna jambo moja ambalo nililielewa baada ya miaka na ningependa mtu angeniambia mapema, kwamba jani pana linaweza kuwa na baridi kuliko hewa iliyolizunguka. Usiku anga likiwa wazi bila wingu, kila kitu kinatoa joto lake kwenda juu, na jani jembamba linarudishiwa joto haraka na hewa inayolipita, lakini jani pana kama la mgomba limevaa tabaka nene la hewa iliyotulia juu yake, hewa ya nje hailifikii vizuri, kwa hiyo linapoteza joto na halirudishiwi. Ndo maana unaweza kuamka asubuhi kipimajoto kinasema nyuzi 2 juu ya sifuri na majani ya mgomba yameungua. Na ndo maana mgomba uliosimama chini ya matawi ya mti mkubwa unabaki kijani wiki mbili tatu zaidi ya mwenzake aliyesimama wazi, ile paa ya matawi inalizuia joto lisipae moja kwa moja. Ukilijua hili unaacha kupanda vitu vya majani mapana katikati ya uwanja.

Halafu kuna unyevu, na kwa maoni yangu huu unaua zaidi kuliko barafu. Mimea kama agave na yuka nyingi kwao inakutana na usiku wa kuganda kabisa lakini kwenye udongo mkavu, ukiileta kwenye winta ya mvua mfululizo kitovu chake kinaoza kikiwa kwenye nyuzi 3 tu. Vivyo hivyo matunguu ya maua ya kana (Canna) na tangawizi za maua, udongo ukituama maji Januari yanaoza hata kama hayakuganda. Kabla ya kununua mmea wowote chimba shimo la kina cha jembe siku ya mvua, lijaze maji, rudi kesho yake. Kama maji bado yapo, kazi yako ya kwanza ni kuinua tuta, kuchanganya changarawe na mboji, kutengeneza mteremko, mimea itasubiri.

La mwisho kwenye baridi ni wakati. Usiku wa nyuzi -4 katikati ya Januari mmea ukiwa umelala sio sawa na usiku wa nyuzi -1 mwezi wa tano mmea ukiwa umetoa machipukizi laini ya wiki moja. Huu wa pili ndo unaotia uchungu. Watu wanafungua mimea yao mapema kwa sababu Machi kumekuwa na siku nne za jua, mmea unachipua, jalidi, yaani umande wa kuganda, inarudi usiku mmoja na kufuta kila kitu.

Ndo maana zile namba za kanda za ustahimilivu unazoziona kwenye vibao vya mimea ukizitegemea peke yake zinakupoteza. Ramani ile ya wizara ya kilimo ya Marekani ilitoka kwa mara ya kwanza 1960 na toleo la karibuni ni la 2023, na inachopima ni kitu kimoja tu, wastani wa usiku wa baridi kuliko wote kila mwaka. Ukiifuata, sehemu za kusini mwa Uingereza na sehemu za kaskazini mwa Florida zinaangukia kanda moja, ya 9. Lakini Florida ina majira ya joto marefu ya kuchemka ambayo yanakomaza shina na kujaza akiba, na kusini mwa Uingereza winta ni ndefu, ya kijivu na ya maji. Mmea huohuo, namba hiyohiyo, huku unatanuka kule unaoza. Namba ni pa kuanzia tu.

Basi mimi nimeacha kuuliza "huu mmea unavumilia baridi kiasi gani". Nauliza ni sehemu gani ya mmea inayotakiwa ivuke winta ikiwa hai. Ukiuliza hivyo kila kitu kinakaa mahali pake.

Chukua mgomba tena. Lile tunaloliita shina la mgomba sio shina, ni makuti ya majani yaliyojiviringisha moja ndani ya jingine, na kiini cha kuotesha, pale ambapo majani mapya yanatengenezwa, kiko chini kabisa kwenye tunguu usawa wa udongo, na kinabaki kule mpaka siku mgomba utakapotaka kutoa mkungu. Kwa hiyo majani yote yakiungua mmea haujafa. Lile gogo likioza lote mmea bado haujafa. Kinachotakiwa kivuke ni lile tunguu, na tunguu la Musa basjoo likiwekewa matandazo ya sentimita 20 ya majani makavu au vipande vya mbao linavumilia baridi ya kutisha, nyuzi -10 na zaidi.

Sasa kwa nini watu wanahangaika kuufunga mgomba mzima? Kwa ajili ya urefu. Ukiacha gogo life, mwaka unaofuata mgomba unaanza kutoka chini na unamaliza msimu ukiwa mita mbili. Ukilivusha gogo la mita moja na nusu, jani la kwanza linatokea pale juu na Agosti uko chini ya kivuli. Namna ya kufunga ni hivi, unasubiri jalidi ya kwanza iunguze majani, unayakata yote ubaki na nguzo, unazungushia wavu wa waya ule wa mabanda ya kuku ukiacha nafasi ya mkono mmoja kuzunguka, unajaza nyasi kavu au mabua ya ngano bila kushindilia sana maana kinachozuia baridi ni ile hewa iliyonaswa katikati ya mabua, kisha juu unaweka kofia ya kitu kisichopitisha maji, bati dogo au kipande cha plastiki ngumu. Pembeni acha wazi ipumue. Mtu akifunga plastiki pande zote jasho la mmea linabaki humo ndani na anakuja kukuta uji.

Kuna ndugu wa mgomba ambaye anawaumiza watu wengi sana, Ensete ventricosum, yule wenye majani mekundu ya damu ya mzee ambao kila mtu anautaka. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na kusini mwa Ethiopia ni chakula cha mamilioni ya watu, wanakula tunguu na unga unaotoka kwenye gogo lake. Kwa macho ni mgomba tu. Lakini enseti yenyewe kwa kawaida haitoi machipukizi pembeni, ina kiini kimoja, kikifa kimekufa na ukoo wake. Kwa hiyo hapa kinachotakiwa kivuke ni kiini chenyewe pamoja na gogo, na nje hakitavuka. Kabla ya jalidi unaung'oa mzima, unakata majani ubaki na mawili matatu ya katikati, unaulaza kichwa chini siku kadhaa maji yachuruzike, halafu unauweka kwenye chungu chenye udongo karibu mkavu ndani ya chumba kisichoganda, nyuzi 7 hivi panatosha, na humwagilii kabisa, kabisa. Hapo ndo pagumu, maana mtu mwenye huruma na mmea wake anapita Februari na kikombe cha maji.

Mti wa kweli wa ukoo wa minazi unaostahimili baridi, Trachycarpus fortunei, unataka kuvusha kila kitu, majani yake ni ya mwaka mzima na kiini chake kiko juu kabisa kichwani, kimoja tu. Umetoka China, ukikomaa unafika mpaka nyuzi -15 hivi na ndo maana unauona hadi kwenye miji ya theluji. Mche wake mchanga ni dhaifu, miaka miwili mitatu ya mwanzo funga majani pamoja kwa kamba na kinga kichwa kisiingiwe na maji. Kangaga mti, Dicksonia antarctica wa Australia, nao kiini kiko juu, pale yanapojikunja makuti machanga yenye manyoya ya kahawia, na gogo lake kwa sehemu kubwa ni mizizi iliyosukwa, kwa hiyo unamwagilia gogo lenyewe sio ardhini tu. Winta unasokota nyasi kavu pale kichwani, unakunja makuti ya zamani juu yake kama mtu anajifunika shuka. Na ukinunua nunua ule mrefu kama uwezo unaruhusu, maana unaongezeka sentimita 3 au 5 tu kwa mwaka, gogo la mita moja lina umri wa mtu mzima.

Wale wa matunguu na mizizi ndo rahisi na ndo uti wa mgongo wa bustani. Kana, dalia, tangawizi za maua za Himalaya, magimbi. Dalia unaiacha jalidi iichome iwe nyeusi, unakata ubaki na kisiki cha kiganja kimoja, unachimbua, unakausha, unaweka kwenye boksi lenye mboji kavu mahali pasipoganda. Penye winta nyepesi na udongo usiotuama maji unaiacha humohumo ardhini na kuifunika matandazo. Magimbi yanataka subira, yanaamka polepole sana na yanachukia udongo wa baridi, usiyatoe nje mpaka usiku uwe umetulia juu ya nyuzi 10.

Na kuna mmea ambao haukuhitaji kuvusha kitu zaidi ya mbegu kwenye bahasha, mbarika. Unaotesha ndani Machi, unatoa nje jalidi ikiisha, Septemba umekupita kimo na majani ya vidole kama mikono mikubwa mekundu. Mbegu zake zina sumu kali sana, risini, kwa hiyo penye watoto wadogo kata vichwa vya maua kabla havijafunga mbegu au usiupande.

Upande mwingine kuna miti ya baridi kabisa ambayo ukiikata inageuka kuwa ya kitropiki. Paulownia ya China ukiiacha ni mti wa kawaida wa barabarani wenye maua ya zambarau. Ikate chini kabisa kila mwisho wa winta, acha chipukizi moja tu, nguvu yote ya mizizi inaingia kwenye fimbo moja inayokwenda mita tatu kwa msimu na kila jani linakuwa pana kuliko sinia. Hauvushi chochote zaidi ya kisiki, na kisiki chake hakijui baridi. Tetrapanax wa Taiwan nao jani lake ni la ajabu, shina likifa unachipua kutoka mizizini, ila mizizi inatembea na vumbi la kwenye majani yake linawasha koo na macho, ukikata vaa kitu puani.

Mahali pa kupanda nitapita haraka kwa sababu ukiijua baridi umeshajua na hili. Hewa baridi ni nzito, inatiririka kama maji na kutuama kwenye bonde au nyuma ya ukuta uliokatiza mteremko, hapo usipande kitu unachokipenda. Ukuta wa matofali unaotazama jua, yaani kusini kama uko nusu ya kaskazini ya dunia, ni hazina. Nenda Oktoba saa tatu usiku uweke kiganja kwenye tofali, bado lina uvuguvugu, na uvuguvugu ule mmea unaulala nao usiku kucha.

Upepo lakini nitakaa nao kidogo. Pale Inverewe, kaskazini magharibi mwa Scotland, karibu latitudo 58, Osgood Mackenzie alianza 1862 kwenye rasi ya mawe ambayo haikuwa na mti wa maana. Hakuanza na mimea ya kigeni. Alipanda kwanza ukanda wa misonobari ya kukinga upepo wa chumvi na akasubiri miaka mingi ikue, halafu ndo akaingiza mimea ya New Zealand, Chile na kwingineko, na leo ile bustani inajulikana dunia nzima. Wengi tunataka tupande mgomba leo na kinga ya upepo tutaona baadaye. Ua wa kijani kibichi, mianzi, hata fensi ya mbao yenye nafasi za kupitisha upepo kidogo, vinakuja kwanza, kwa sababu jani lililochanwachanwa linapoteza maji na sura vyote kwa pamoja. Ukichagua mianzi chukua ile inayokaa kwenye kichaka chake, kama Fargesia. Phyllostachys ni mizuri sana kwa mashina lakini mingi inakimbia chini ya ardhi, bila kizuizi cha plastiki ngumu ya kina cha sentimita 60 itamfikia jirani.

Kitu ambacho watu hawakitarajii ni kwamba nchi ya baridi ina faida moja ambayo tropiki haina, nayo ni mchana. Penye ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. London mwezi wa sita jua linakaa zaidi ya saa 16 na nusu. Mmea wa majani mapana uliopewa mwanga wa namna hiyo, maji na mbolea, unakua kwa kasi ambayo ukiiona utashika kichwa, mgomba unafungua jani jipya karibu kila wiki. Msimu ni mfupi lakini umejaa. Kwa hiyo mimea hii ni milafi, mwezi wa sita na wa saba mpe mbolea yenye naitrojeni nyingi na samadi iliyoiva, maji ya kutosha mpaka chini. Kuanzia katikati ya Agosti acha naitrojeni, ukiendelea unalazimisha majani laini ambayo Oktoba haitayasamehe, hamia kwenye mbolea ya potasiamu ili tishu zikomae.

Kuhusu mpangilio, siri ni tofauti ya maumbo. Jani pana likisimama peke yake linachosha, likisimama mbele ya mianzi yenye majani membamba linaonekana mara mbili ya ukubwa wake. Fatsia ya Japani, mtini, mimea ya kawaida ambayo haisumbuliwi na baridi, hiyo ndo iwe mwili wa bustani, theluthi mbili hata zaidi, na wale wapole wa kutoa nje na kuingiza ndani wawe kitoweo. Hivi ndo bustani haiwi uwanja mtupu Januari. Njia iwe nyembamba majani yakuguse bega, na usiruhusu mtu aone mwisho wa bustani akiwa mlangoni.

Watu wamefanya hivi muda mrefu. John Gibson alifungua bustani ya kitropiki kwenye hifadhi ya Battersea, London, mwaka 1864, watu wakajaa kwenda kuona migomba nje. Na 1993 Christopher Lloyd, mtunza bustani na mwandishi, pamoja na Fergus Garrett, msimamizi wa bustani yake, kule Great Dixter, nyumbani kwa akina Lloyd kusini mwa Uingereza, waling'oa bustani ya waridi ya zamani ya familia na kuweka migomba, kana na dalia mahali pake, na kuna watu walichukia kwelikweli. Mimi naona walikuwa sahihi, pale ni sehemu iliyozungukwa na ua na kuta, ina joto lake, ilikuwa inaomba tu mimea ya aina hiyo.

Na bado kuna winta zinazoshinda kila hesabu. Bustani ya Tresco kwenye visiwa vya Scilly, kusini magharibi mwa Uingereza, iliyoanzishwa na Augustus Smith 1834, mahali ambapo jalidi ni nadra, Januari 1987 ilipigwa na theluji na baridi ikapoteza sehemu kubwa ya mimea yake. Desemba 2010 nayo Cordyline za miaka mingi zilikufa sehemu nyingi za Uingereza. Nyingi zilirudi kutoka mizizini miezi sita au mwaka baadaye, kwa wale ambao hawakuwa wameshazing'oa. Using'oe haraka. Na kila mwaka weka akiba ndani, chipukizi la mgomba kwenye chungu, kipande cha tunguu la kana, mbegu.

Mwaka juzi nilifungua mgomba wangu katikati ya Aprili nikakuta harufu, ile harufu ya maboga yaliyooza, na makuti ya nje yakawa yanachomoka mkononi kama karatasi iliyolowa. Kofia ya juu ilikuwa imepeperuka wakati fulani Februari na maji yakaingia moja kwa moja kichwani. Nilichukua kisu kirefu nikaanza kukata vipande vya unene wa kidole kutoka juu, kahawia, kahawia, kahawia, nikashuka nusu mita nzima, mpaka kisu kikagonga sehemu ngumu yenye maji safi, nyeupe yenye duara la kijani kibichi katikati kama shilingi. Nikaacha hapo. Nikachukua penseli nikachora mstari pembeni ya lile duara, pale usawa wa mkato. Asubuhi iliyofuata lile duara lilikuwa limepanda juu ya mstari kwa upana wa kucha.